Seli ndani ya seli: imemezwa au imejiingiza?

Shemeji alinipigia nikiwa kwenye daladala ya kwenda hospitali ya KCMC, ile ya asubuhi ambayo kwa konda haijai mpaka mlango ukatae kufunga. Dada yake alikuwa amepata majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa titini, na binti yao wa chuo amesoma kwenye simu kwamba kuna kansa ambazo seli zake huingia ndani ya seli nyingine. "Shem, ndiyo kusema zinakulana? Basi dada amekwisha?"

Kazi yangu ni maabara, kukata vinyama na kuvitia rangi, kwa hiyo kitu hicho nimekiona. Kinyama hukatwa chembamba kuliko unywele mara kumi na zaidi, kisha hutiwa rangi mbili: viini vya seli vinageuka zambarau, sehemu iliyobaki inakuwa pinki. Mara mojamoja, kwenye darubini, unakutana na seli ya mviringo imekaa ndani ya shimo jeupe katikati ya mwenzake. Ile ya nje kiini chake kimesukumwa pembeni, kimepinda kama mwezi mwandamo. Ukishauona ule mwezi huusahau.

Watu wengi, shemeji akiwamo, hudhani ya nje ndiyo imemeza. Kumeza kupo kweli: seli za kinga ziitwazo makrofaji humeza bakteria kila siku, na baadhi ya seli za kansa nazo hula wenzake. Lakini mwaka 2007 watafiti wa Harvard, Marekani, walieleza jambo lililo kinyume na hilo, wakaliita entosisi, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya ndani. Hapo inayofanya kazi ni ile inayoingia. Seli iliyobanduka pale ilipojishika inamng'ang'ania jirani kwa protini za kushikana, halafu inakaza nyuzi zake za ndani, zinazojikunja kama misuli, na kujisukuma ndani. Fikiria abiria wa daladala yetu: hakuna aliyemvuta, kajipenyeza mwenyewe kwa bega. Na zikibanana mbili, aghalabu ile ngumu ndiyo inayoishia ndani, laini inabaki nje.

Ndani humo hali si nzuri. Nyingi hufa, zikasagwa kwa tindikali ya mwenye nyumba. Chache hutoka zikiwa hai, nyingine hata hugawanyika humohumo.

Mwelekeo wa ugonjwa, yaani makadirio ya daktari jinsi ugonjwa utakavyokwenda, unaingia hapa, na hapa ndipo pagumu. Seli ya kansa iliyokufa ndani ya mwenzake ni seli moja imepungua, jambo la heri. Lakini aliyebaki nje amepata chakula wakati wa njaa. Tena huyo wa nje akitaka kugawanyika, mgeni aliye tumboni anaweza kumzuia asikamilishe. Anabaki na viini viwili na kromosomu (nyuzi zibebazo vinasaba) zisizo na idadi sahihi, na vurugu ya namna hiyo ndiyo huzaa kansa sugu. Kwa hiyo sishangai tafiti zikipishana. Kwenye kansa za kichwa na shingo, na za kongosho, seli hizi zikionekana kwa wingi zimehusishwa na hali mbaya zaidi. Kwenye titi majibu hayakubaliani, na aina ya seli iliyo ndani ina maana yake: kansa ndani ya kansa ni habari moja, seli ya kinga ndani ya kansa ni nyingine.

Ndiyo maana kwa kawaida neno entosisi halimo kwenye karatasi ya majibu, wala daktari hapangi dawa kwa kulitazama. Anatazama daraja (seli zimeharibika kiasi gani), hatua (ugonjwa umefika wapi), tezi za kwapani, na vipokezi vya homoni (protini za seli zinazopokea homoni). Watu wa kwetu huchanganya daraja na hatua, wakisikia daraja la tatu wanaanza kuita ukoo.

Nikamwambia shemeji aachane na simu ya binti, achukue karatasi anisomee. Akasoma polepole, herufi kwa herufi, mpaka akafika kwenye ER, yaani kipokezi cha homoni ya estrojeni. "Imeandikwa chanya. Hiyo nayo mbaya?"

"Hapana shem, hiyo chanya ni ya heri. Ina maana kuna vidonge vya homoni vinavyoweza kumsaidia. Ipigie mstari, mwende nayo kliniki."

Konda alikuwa ananigonga begani, anataka nauli.