Kugeuza baiskeli ya gia moja kuwa fiksi (ile ambayo pedeli zinazunguka na tairi muda wote): maneno ya mtaani na ukweli wake

"Peleka friwili kwa wa kuchomelea, akiipiga weldingi tayari unayo fiksi." Hii ndo ya hatari kuliko zote. Kweli friwili, ile gia ya nyuma inayozunguka bure usipokanyaga, ikichomelewa haizunguki bure tena, pedeli zinaenda na tairi muda wote, ila shida haiko ndani ya friwili, iko pale inapofungwa kwenye habu, kile kitovu cha wili. Friwili inaingia kwa thredi, ukikanyaga kwenda mbele inazidi kujikaza, sasa fiksi unaipunguza mwendo kwa kuzuia pedeli, na ukizuia unaifungua mwenyewe kama kizibo cha chupa, tena kwenye mteremko.

Habu ya fiksi ya kweli ina ngazi mbili za thredi. Kubwa ni ya sproketi, yaani gia ya meno isiyozunguka bure, inchi 1.37 thredi 24 kwa inchi, halafu pembeni kuna ndogo ya inchi 1.29 inayokazwa kwa kuzungusha kushoto, hapo inakaa ringi ya kufungia. Sproketi ikitaka kutoka inaisukuma ringi nayo ringi inazidi kukaza, aliyebuni hii alikuwa na akili jamani. Habu ya friwili haina hiyo ngazi ndogo, lakini thredi yake kubwa kwa kawaida ni ileile kwahiyo sproketi ya fiksi inaingia vizuri tu na hapo ndo watu wanadanganyika. Wengine wanaongezea ringi ya kwenye ekseli ya pedeli na gundi juu, sawa inashika shika, ila ringi hiyo inafunguka upande uleule na sproketi so zikiondoka zinaondoka zote.

"Basi lazima wili jipya la bei." Si lazima. Baiskeli kibao za bei rahisi za gia moja zinakuja na habu ya pande mbili, friwili huku, fiksi kule, unageuza wili tu. Chungulia kwanza uone zile ngazi mbili, maana kuna habu zina thredi ya friwili pande zote.

"Fiksi haina haja ya breki." Wanatoa mfano wa keirin, mbio za Japani zilizoanza 1948, na ni kweli baiskeli zao hazina breki, lakini wale wako uwanjani wote wanaelekea upande mmoja, hakuna bajaji inayokata kona mbele yao. Ukisimama ghafla uzito unaenda mbele, tairi la nyuma linateleza tu. Hata Uingereza sheria inaihesabu fiksi kama breki ya nyuma, ya mbele bado inatakiwa. Breki ya mbele usiitoe.

Kuhusu meno, wanasema yoyote sawa. Kama huskidi, yaani hufungi tairi la nyuma kwa miguu likateleza, sawa. Ukiskidi, meno 48 mbele kwa 16 nyuma inagawanyika kamili, kwahiyo miguu ikiwa palepale tairi linaliwa sehemu moja hadi linatoboka. 47 kwa 17 tairi linaliwa kwa kugawana sehemu 17.

Na cheni, "kaza mpaka iwe waya". Hapana, iache icheze kama sentimita 1 juu chini, ikibana sana inakula beringi, ikilegea inaruka na wili linaweza kugoma ghafla. Ndo maana fremu iwe na mpasuo wa kulala pale ekseli ya wili la nyuma inapokaa, ili uvute wili nyuma. Na usifute cheni na kitambaa huku wili linazunguka, kwenye fiksi halisimami hata kidole kikiingia.