Karatasi Haiozi, Mwalimu

Tulichimba vishimo vitano nyuma ya madarasa, karibu na ua, mimi na Gredi ya 4. Tukaandaa ganda la ndizi, ukurasa wa daftari kuukuu, kipande cha fulana ya pamba, mfuko wa plastiki na kifuniko cha chupa ya soda. Kabla ya kufukia nikawauliza kipi kitaoza na kipi hakitaoza. Msichana mmoja akasimama na kusema bila kusita, "Karatasi haiozi, mwalimu." Darasa zima likamuunga mkono.

Nikaingia kwenye mahubiri: karatasi hutengenezwa kwa miti, miti huoza, basi na karatasi pia. Wakanitazama kwa huruma. Baada ya kama dakika kumi ndipo nilipogundua kwamba walikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekuwa nikipotea. Kwao nyumbani karatasi ni ule mfuko wa nailoni ambao mama mboga hukufungia nyanya. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini jina limebaki midomoni, na mifuko yenyewe haijaisha kabisa mitaani.

Tangu siku hiyo huwa sianzi somo la mazingira kabla ya kuuliza watoto wanaviitaje vitu. Sasa kazi yangu ni kuzunguka katika shule za msingi hapa Nairobi, nyingi zikiwa za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, nikiwasaidia walimu wenzangu na masomo haya. Malalamiko ninayoyasikia ni yale yale: darasa lina watoto sitini na zaidi, hela hakuna, na kitabu kinazungumzia ongezeko la joto duniani ilhali mtoto hajawahi kuulizwa choo cha shule kinapata maji wapi. Ninayoyaeleza hapa yanahitaji jembe, chupa, rula na subira.

Turudi kwenye vishimo. Vifukie wiki ya kwanza ya muhula wa kwanza, kina cha nusu rula, si zaidi, kwa sababu wadudu na vijidudu vinavyoozesha taka viko kwa wingi kwenye udongo wa juu. Januari na Februari ni kiangazi, kwa hiyo mwagia maji kidogo kila siku mbili, la sivyo hata ganda la ndizi litakauka tu. Chomeka kijiti kwenye kila kishimo na umkabidhi mtoto mmoja akilinde. Fukueni kabla ya kufunga shule mwezi wa nne. Sisi tulipofukua, ganda halikuonekana tena. Ukurasa ulibaki vipande vyeusi, na fulana ilikuwa imetobokatoboka kama iliyoliwa na nondo. Mfuko ulitoka vile ulivyoingia. Tulipousuuza, maandishi yake yakasomeka yote.

Kisha mvulana mmoja akauliza, "Na ile mifuko ya mwaka jana iko wapi?"

Hilo ndilo swali ulilokuwa ukilitafuta muhula mzima. Usilijibu upesi. Mimi nililijibu upesi, na vibaya. Nikaeleza habari za jaa la Dandora, ambako taka za Nairobi hutupwa, kwamba lilianza kupokea taka katika miaka ya 1970, likatangazwa mwaka 2001 kuwa limejaa, na bado malori yanaingia. Hayo ni kweli. Kosa ni kwamba nilitamka neno "uchafu" mara nyingi mno, na "watu wachafu" mara moja au mbili, mpaka nikamwona kijana mmoja wa dawati la nyuma ameinamisha kichwa. Mamake huokota chupa jaani humo na kuziuza kwa kilo.

Sikulala vizuri. Kesho yake nikamwita kando, nikamwomba atusaidie kupanga taka za darasa, kama angependa. Akapenda. Alituonyesha chupa zipi hununuliwa na zipi hukataliwa, kwa nini kifuniko hutengwa na chupa, kwa nini plastiki iliyolowa mafuta haina bei, na kwa nini boksi likishanyeshewa wanunuzi hulipunja. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka kila mmoja wetu atenge taka zinazooza na zisizooza. Mtoto huyo alikuwa akitenga taka kabla sheria haijaandikwa. Walimu, kwenye darasa lolote la Nairobi yupo mtoto ambaye familia yake inakula kutokana na taka, maji ya mkokoteni au makaa. Ukifundisha mazingira kwa kukemea, unamkemea mzazi wake mbele ya wenzake.

Kupanga taka kukawa mazoea ya Ijumaa. Pipa la darasa linamwagwa kwenye gunia lililotandazwa, watoto wanatenganisha kwa vijiti (si kwa mikono mitupu, na sabuni iwe karibu), wanahesabu, na mmoja anachora nguzo za grafu ubaoni. Wiki ya tatu tu Gredi ya 5 waligundua kwamba zaidi ya nusu ya plastiki yao ni pakiti za krisp kutoka duka la shule yenyewe. Wakaandika barua kwa mwalimu mkuu. Sitasema mwalimu mkuu alijibu nini, ila barua ilikuwa nzuri na haikuwa na kosa hata moja la upatanisho wa kisarufi.

Kuhusu shimo la mboji nitasema machache. Tulichimba, tukatupa humo mabaki ya ugali na maharagwe ya chakula cha mchana, na ndani ya wiki mbili tukawa tunafuga panya. Tukaamriwa tulifukie. Tia maganda mabichi, majani na nyasi kavu tu, funika kwa udongo, na chochote kilichopikwa kikae mbali.

Sasa mvua, ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko yote.

Chukua chupa ya plastiki ya lita 2 yenye pande zilizonyooka. Kata sehemu ya juu, igeuze kichwa chini na uipachike mdomoni mwa ile ya chini, iwe kama faneli ya kupokea mvua. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo jaza kokoto na maji mpaka pale pande zinapoanza kunyooka. Hapo ndipo sifuri yako. Bandika rula kwa nje, sifuri yake ikae kwenye mstari huo. Weka chupa uwanjani mbali na miti na mapaa, na uizungushie mawe isiangushwe na upepo au mpira. Somea saa tatu asubuhi kila siku, saa ile ile ambayo Idara ya Hali ya Hewa nayo husomea vipimo vyake vya mvua, kisha rudisha maji kwenye sifuri.

Mpaka hapo ni mchezo tu. Hesabu inakuja ukiwaambia kwamba milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Hawataamini. Wachoree mita ya mraba kwa chaki sakafuni, wakokotoe wenyewe: sentimita 100 mara 100 mara sifuri nukta moja ya sentimita, ni sentimita 1,000 za ujazo, yaani lita moja. Kisha watoke nje wapime paa la darasa kwa kupima sakafu yake. Letu lilikuwa mita 10 kwa 6, basi mita 60 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo Aprili si ajabu, inaleta lita 1,200. Gawanya kwa mtungi wa lita 20: mitungi sitini. Hata ukitoa yale yanayoruka nje na yanayovuja kwenye mifereji mibovu, bado ni mengi.

Bei ya mtungi sikuwaambia mimi. Waliitaja wenyewe kwa pamoja, kisha wakaanza kubishana kwa sababu kila mtaa una bei yake na siku ambazo mabomba yamekauka bei hupanda. Mtoto anayebeba mtungi kila jioni anaijua hesabu hiyo mgongoni kabla ya kuijua ubaoni. Msichana mmoja alitoka nje, akalitazama paa kwa muda mrefu, akarudi kukaa bila kusema neno.

Tahadhari moja. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilibeba nyumba za watu, zikaua, na ufunguzi wa shule ukaahirishwa hadi tarehe 13 Mei. Katika shule zilizo karibu na Mto Mathare au Mto Ngong, usiwaulize watoto ni nani aliyefurikiwa. Anza na udongo. Kata chupa mbili, fungia kitambaa mdomoni, zigeuze, kisha jaza moja udongo mwekundu na nyingine udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa Embakasi unaopasuka nyufa kiangazi na kung'ang'ania viatu masika. Mimina kikombe kimoja cha maji kila upande. Mwanzoni mweusi unaweza kukuaibisha, kwa kuwa maji hupita kwenye nyufa. Mimina kikombe cha pili baada ya robo saa: udongo umeshavimba, nyufa zimezibana, na maji yamesimama juu huku kwenye mwekundu yanaendelea kudondoka. Sasa weka kigae au kipande cha saruji juu ya udongo wowote kati ya hiyo miwili, umimine tena. Wale waliofurikiwa watazungumza wakitaka, na watakuwa na la kueleza badala ya kuelezwa tu.

Kwa Gredi ya 3 napenda pia kuwauliza jina Nairobi linatoka wapi. Ni la Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Huwa wanacheka, maana mto wanaoujua wanaupita wakiwa wameziba pua. Nawapa uzi na ramani ya Kenya wafuate mto huo unakoelekea: unaingia Athi, Athi inazunguka na kuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwaga Bahari Hindi karibu na Malindi. Siku moja mtoto mmoja akasema shangazi yake anakaa Malindi, akaniuliza kama shangazi anajua.

Miti nimeiacha mwisho makusudi. Nimechoka na sherehe za kupanda miti shuleni. Mgeni anakuja, picha zinapigwa, miche mia inaingia ardhini kwa saa mbili, na likizo ya Desemba inaimaliza. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ya kupanda miti, na silaumu. Nilipanda na mimi. Lakini kwa shule nashauri miche miwili kwa darasa, si zaidi, na kila mche uwe na daftari lake: urefu kila Jumatatu, idadi ya majani, nani alimwagilia. Wangari Maathai, mwanamazingira wetu mashuhuri, ninawasimulia watoto habari zake, ila sianzii na Tuzo ya Nobel ya 2004 wala mapambano yake ya kuiokoa bustani ya Uhuru Park. Naanzia Juni 5, 1977, pale bustani ya Kamukunji, Nairobi, alipopanda miti na wenzake. Nawauliza wanadhani ilikuwa mingapi. Elfu, wanasema. Milioni. Ilikuwa saba.

Limebaki tatizo la wikendi na likizo, ambapo hakuna wa kusoma chupa ya mvua. Katika shule moja tulimwomba mzee mlinzi. Nilimwachia kalamu na daftari, nikamwonyesha mara moja, naye akaitikia tu, "Sawa, mwalimu," kwa sauti ya mtu aliyeshapewa kazi nyingi zisizo zake. Tulipofungua shule mwisho wa Agosti nikaenda kulichukua. Alikuwa amejaza kila siku, kwa mwandiko wa zamani uliolala upande mmoja. Agosti 11, hakuna. Agosti 12, hakuna. Agosti 13, hakuna, mawingu tu. Agosti 14, manyunyu, hayafiki milimita moja. Agosti 15, chupa iliangushwa na paka, nimeirudisha, nimeandika sifuri lakini sina hakika.

Gredi ya 5 walibishana kipindi kizima kama sifuri hiyo ihesabiwe au iachwe wazi.