“Wenzetu Wameshapita”: Dhana Potofu za Pikipiki ya Theluji Milimani

Jumamosi iliyopita nimeisikia tena. Tuko kwenye maegesho nje ya Revelstoke, British Columbia, nchini Kanada. Vijana wanne wamefika kutoka Calgary na sledi nne za kukodi (ndizo hizo pikipiki za theluji), na kabla hatujamaliza salamu mmoja ananionyesha mlima ulio ng'ambo ya bonde. “Lakini mwalimu, si unaona alama zile? Wenzetu wameshapita.” Nafundisha watu kuhusu maporomoko ya theluji kila msimu, na sentensi hiyo nimeshaisikia kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, na sasa hadi kwa Kiswahili. Basi leo niiandikie, labda nitapumzika.

Alama za sledi zinakwambia jambo moja tu: kuna mtu alipita. Hazikwambii upepo umerundika theluji kiasi gani tangu apite, wala kama alitoka salama kwa akili yake au kwa bahati yake.

Sisi tuliokua tukiitazama theluji ya Kibo kwa mbali tumezoea kuiona kama kitu kimoja cheupe. Sicho. Ni tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyosokotwa vizuri, na poromoko linaloua madereva wengi ni la bamba: theluji iliyoshikamana, imekaa juu ya tabaka dhaifu, kwenye mteremko wa digrii 30 hadi 45. Sasa, bamba halina unene mmoja. Katikati ya mteremko linaweza kuwa mita nzima, na sledi pamoja na dereva wake, karibu kilo 300, wakapita juu yake bila tabaka la chini kuhisi kitu. Karibu na mwamba, au kwenye ukingo ambako upepo umelila, pengine lina sentimita 40. Hapo uzito unafika chini. Tabaka likivunjika mahali pamoja, ufa unakimbia chini ya bamba zima, hata kule kwenye unene walikopita wenzako tisa. Yule wa kumi hakuwa mzembe kuliko wao. Alikata kona mita tano kushoto, basi.

Ndiyo maana nawachimbisha watu. Jumapili wale wanne walichimba shimo pembeni mwa mteremko mfupi usio na hatari, tukakata nguzo ya sentimita 30 kwa 30, nikalaza beleshi juu na kuanza kugonga, kupima tabaka zinashikana kiasi gani: mara kumi kwa kukunja kifundo cha mkono, mara kumi kutoka kwenye kiwiko, kisha zinafuata kumi za begani. Za begani hatukuzifikia. Kwenye pigo la 13 nusu ya juu ilichomoka kama droo. Pale ilipokatikia palimetameta: umande ulioganda, vipande bapa kama magamba ya samaki, uliozaliwa usiku mtulivu wa baridi kali na kufunikwa na theluji iliyofuata. Kijana wa alama akavigusa kwa kidole cha glavu, vikamwagika. Hatua chache kutoka pale, juu ya mteremko uleule, palikuwa na alama za sledi tano. (Shimo moja nalo lisikupe kichwa. Likikuonyesha ubaya, liamini. Likikuonyesha uzuri, kumbuka ni shimo moja.)

Dhana hii ina pacha wake: kwamba tukiwa wengi tuko salama. Kwetu husema penye wengi hapaharibiki neno. Kwenye mteremko wa digrii 38, penye wengi ndipo panapoharibika. Picha ni ileile kila mwaka. Mmoja anapanda kwa kasi aone atafika juu kiasi gani, anakwama. Rafiki yake anapanda kumsaidia, kwa hiyo sasa uzito ni mara mbili juu ya bamba lilelile. Wa tatu na wa nne wamezima injini chini kabisa, wanachukua video. Tarehe 13 Machi 2010, hapahapa Boulder Mountain, watu wapatao 200 walikuwa wamekusanyika kutazama sledi zikipanda. Poromoko lilishuka hadi walipokuwa. Wawili walikufa, makumi wakaumia.

Mteremko ni wa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Aliyekwama ajichimbue mwenyewe. Ana mikono na ana beleshi. Wengine wakae nje kabisa ya njia ya poromoko, pua za sledi zikielekea pa kutokea, mabegi mgongoni.

Na usiniambie “limeshashuka, mlima umemaliza.” Tarehe 28 Desemba 2008, kule Harvey Pass karibu na Fernie, poromoko la kwanza lilifukia watu saba wa kundi la watu 11. Wenzao wanne walipokuwa wakiwatafuta, likaja la pili. Wanane hawakurudi.

Mengine nitayapitia haraka, maana hayanikeri sana.

Kelele haziangushi theluji. Piga yowe, piga honi, imba taarab ukitaka. Kinacholivunja bamba ni uzito, na katika ajali nyingi mno zenye vifo uzito huo ni wa marehemu mwenyewe au mtu wa kundi lake.

“Sledi yangu ina nguvu, poromoko nitalikimbia.” Bamba linafikia kasi ya gari la barabara kuu ndani ya sekunde chache, na ufa mara nyingi hufunguka juu yako. Wewe uko katikati ya kinachokimbia.

Daraja la tatu la hatari, kati ya matano, kwenye taarifa ya Avalanche Canada, shirika linalotabiri maporomoko, si “kati kwa kati, twende.” Maana yake mtu kuangusha poromoko mwenyewe ni jambo la kutarajiwa. Likiandikwa nne angalau watu hubaki nyumbani. Kwenye tatu ndipo wanapofia kwa wingi.

Begi la puto, linalovimba ukivuta mpini ili usizame kwenye theluji, ni zuri, nalivaa. Halizuii mti wala mwamba.

Helikopta? Kwanza tafuta mtandao wa simu. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10, uwezekano wa kuishi ni mkubwa. Baada ya hapo unaporomoka, na kufikia dakika 35 wengi wameshakwenda. Mwokoaji wako ni yule uliyepanda naye. Mimi namwangalia mtu anavyochimba kabla sijamwangalia anavyoendesha, na beleshi la plastiki silipandishi mlimani, hata liwe la zawadi.

La mwisho ni transiva, kifaa cha redio kinachowaelekeza wenzako ulikofukiwa. Inakaa mwilini, chini ya koti, imewashwa, mbali na simu na glavu za betri, kwa sababu sledi na dereva wake huachana poromoko linapoanza tu. Jumapili asubuhi, kabla ya kuondoka, niliwapitisha wale wanne mbele yangu mmoja mmoja. Transiva tatu zililia. Ya nne tuliikuta kwenye boksi la sledi, bado iko ndani ya nailoni yake. Ilikuwa ya yule wa “wenzetu wameshapita.”