Wanaandika sana, ila si kwa ajili yako

Juzi kwenye kikao cha idara nimeisikia tena, kuhusu wanafunzi wetu wa uhandisi: "Hawa ni watu wa hesabu, kuandika hawapendi." Safari hii imenifika hapa.

Hawapendi? Ingia kwenye grupu lao la WhatsApp usiku wa kuamkia mtihani. Mmoja anaeleza umeme wa fezi tatu kwa aya nne, anaulizwa, anafafanua upya, anachora na kupiga picha. Saa nane za usiku, bila alama hata moja! Huyo huyo akileta ripoti ya maabara, utangulizi kanakili kwa waliomtangulia, pamoja na makosa yao ya tahajia.

Ripoti ya maabara unamwandikia mtu ambaye jibu analo tayari. Hata mimi ningenakili.

Muhula uliopita nikawapeleka karakana. Wakafungua pampu ya maji, kisha kila kundi likaandika maelekezo ya kuifunga. Msomaji: fundi wetu, mzee asiyemung'unya maneno. Kundi la kwanza liliandika, "Impela irudishwe mahali pake na boliti zikazwe ipasavyo." Fundi akaweka karatasi chini.

"Ipasavyo ndiyo spana namba ngapi, mwanangu? Naanza na boliti ipi? Na hii gasketi niipeleke nyumbani?"

Gasketi, ile ya kuzuia maji yasivuje, waliisahau kabisa. Waliandika upya mara tatu, na sikuwaambia wafanye hivyo.

Ila kuna kitu kinanikosesha raha. Fundi anasoma Kiswahili, kwa hiyo waliandika Kiswahili. Ripoti zangu zote ni za Kiingereza. Kilichowaamsha ni msomaji, ni lugha, au ni aibu tu ya kuchekwa? Sijaweza kuvitenganisha. Na muhula huu zoezi lile lile limedoda, maana majibu ya fundi yalishasambaa hosteli nzima.

Wenzangu wengine dawa yao ni kuwatisha kwa ajali ya Challenger, chombo cha anga cha Marekani. Nami nilijaribu. Nikasimulia jinsi mhandisi Roger Boisjoly alivyoandika Julai 1985 kwamba pete za mpira za kuzibia viungo vya roketi zingeweza kuua watu. Barua ilinyooka, haina fumbo. Januari 1986 chombo kikarushwa, watu saba wakafa.

Binti mmoja wa kiti cha nyuma akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, kuandika vizuri kulimsaidia nini?"

Kipindi kilikuwa kimebakiza dakika mbili. Nikafuta ubao.