Kompyuta Inachelewa Kuwaka? Shika Saa Kabla ya Kupiga Windows

Hapa Arusha kompyuta ya mezani ikianza kujikokota asubuhi, dawa inayotajwa kwanza ni ile ile: ipigwe Windows, yaani isakinishwe upya. Na ikipigwa kweli inachangamka, mwenye duka analipa na kushukuru. Wiki tatu nyingi, iko pale pale. Windows mpya huwa nyepesi kwa sababu haijabebeshwa programu, na faili zake zinakaa mwanzo wa diski, kwenye ukingo wa nje wa sahani, ambako diski ya kuzunguka husoma haraka zaidi. Kama diski ilikuwa imechoka, imechoka bado. Ni kupaka rangi ukuta wenye unyevu.

Mimi nashika simu kwanza, nafungua saa ya kuhesabu sekunde. Kuwaka kwa kompyuta kuna vipande vitatu, na kila kipande kina magonjwa yake. Cha kwanza ni tangu mashine ianze kuwaka hadi vidoti vya Windows vianze kuzunguka. Cha pili ni tangu vidoti hadi kioo cha kuweka nenosiri. Cha tatu ni tangu nenosiri hadi uweze kufungua Excel bila kusubiri. Andika sekunde za kila kimoja kwenye karatasi. Pima kwa kuchagua Restart, si kwa kuzima na kuwasha, maana Windows 10 na 11 ukizizima kwa kawaida hazizimiki kabisa: zinahifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha kesho yake. Restart ndiyo inayoanza kila kitu upya.

Tuseme ni mashine ya mtumba kama HP ProDesk 600 G1, RAM gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 500 inayozunguka mara 7200 kwa dakika. Ukipata sekunde 12, kisha 55, kisha dakika tatu, kipande cha kwanza hakina kosa. Tafuta kwenye diski, RAM na programu. Lakini ukipata 70, 20 na 30, Windows haina hatia kabisa. Ipige mara kumi, zile sekunde 70 zitakuwepo.

Tuanze na hizo 70. Mshukiwa wangu wa kwanza kwenye mashine za mtumba ni betri ya mazabodi (bodi kuu ya ndani), ile ya duara kama sarafu iliyoandikwa CR2032, volti 3. Wengi wetu tuna tabia ya kuzima swichi ya ukutani kila jioni kwa kuogopa umeme wa usiku, na siwalaumu. Ila kompyuta iliyozimwa huku waya umechomekwa, pawa saplai yake inaendelea kutoa volti 5 za akiba, na betri inapumzika. Ukizima ukutani, betri inabeba saa ya mashine peke yake usiku kucha, kwa hiyo inakwisha mapema. Pima kwa mita. Ikiwa chini ya volti 2.7, badilisha. Betri iliyochoka hushuka zaidi kwenye baridi, ndiyo maana asubuhi za Juni na Julai mashine inagoma na mchana inakuwa kama haikuwa na tatizo. Dalili nyingine: tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa, kivinjari kinadai kila tovuti si salama, au mashine imesimama inasubiri ubonyeze F1.

Kabla hujaichomoa, ingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayotangulia Windows (kitufe cha Dell ni F2, HP ni F10, ThinkCentre ya Lenovo ni F1), upige picha ukurasa wa mpangilio wa SATA, njia inayounganisha diski na mazabodi. Hapa watu wameharibikiwa sana. Betri ikitoka, mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani, na OptiPlex nyingi za Dell kiwandani huwa kwenye RAID On, si AHCI; hizo ni njia mbili za mashine kuzungumza na diski. Kama Windows iliwekwa wakati mpangilio ni AHCI, ukiwasha unakutana na kioo cha bluu, na mtu anaambiwa diski imekufa. Haijakufa. Rudisha AHCI na inawaka.

Ukiwa humo humo BIOS, angalia mpangilio wa kuanza. Mashine nyingi za mtumba zilitoka kwenye ofisi za ughaibuni zilizokuwa zikiwashwa kupitia mtandao, na hazikubadilishwa. Ukiona maneno ya PXE yanapita kwenye kioo kabla ya vidoti, mashine inatafuta seva ambayo haipo. Weka diski iwe ya kwanza na uondoe mtandao kwenye orodha. Kwenye steshenari kuna kisa kidogo cha ziada: fleshi ya mteja iliyosahauliwa nyuma ya boksi. Mashine inaikagua kila asubuhi ikidhani inaweza kuwa na mfumo. Chomoa kila kitu isipokuwa kibodi na kipanya, upime tena.

Kipande cha tatu ndicho rahisi, na ndicho kinachosahauliwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, Task Manager ikifunguka nenda ukurasa wa Startup, kisha zima vya kujiwasha usivyovihitaji asubuhi: Teams, Spotify, vya kupakua torenti, visasishi vya programu ulizozisahau. Usiguse ulinzi wa Windows wala programu ya mauzo ya duka. Juu kulia kwenye ukurasa huo huo kuna namba inaitwa Last BIOS time. Hiyo ni sehemu kubwa ya kipande cha kwanza, imepimwa na mashine yenyewe kama inawaka kwa UEFI, aina mpya ya BIOS. Antivairasi mbili kwenye mashine moja ni kosa, bakiza moja. Na kama kuna folda iliyounganishwa kutoka kompyuta nyingine ya ofisini ambayo huwashwa saa tatu, mashine ya saa mbili inaweza kukaa ikiisubiri.

RAM iangalie baada ya kuwaka, kabla ya kufungua chochote. Gigabaiti 4 ikiwa tayari imejaa kwa asilimia 70 au zaidi, mfumo utaanza kuazima nafasi kwenye diski, na diski ya kuzunguka haipendi kukopwa. Ongeza ifike 8. ProDesk G1 na OptiPlex 9020 zinatumia DDR3, OptiPlex 7050 inatumia DDR4; haziingiliani, pengo la katikati halilingani. Chunga RAM za seva zinazouzwa bei ya kutupa. Zinaingia kwenye tundu vizuri kabisa, ila mashine haiwaki. Soma stika: PC3-12800U ndiyo ya kompyuta ya mezani, PC3-12800R ni ya seva. Herufi moja ya mwisho, na pesa yako imekwenda.

Sasa diski, ambako kipande cha pili hulala, na mara nyingi cha tatu pia.

Sahani ya diski ya mizunguko 7200 inachukua milisekunde 8.3 kumaliza mzunguko mmoja. Kichwa cha kusomea kinahama kwanza hadi kwenye njia yake, halafu kinasubiri faili izunguke ifike chini yake. Jumla ni kama milisekunde 12 kwa kila faili ndogo, yaani karibu faili 80 kwa sekunde. Windows ikiwaka inafungua maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika. Hapo huhitaji mchawi. Ukitazama Task Manager utaona diski iko asilimia 100 huku inasoma megabaiti 1 au 2 tu kwa sekunde. Watu wanashangaa, kumbe inatembea zaidi ya kusoma.

Lakini kuna diski ya polepole na kuna diski inayokufa, na kuzitofautisha ni lazima kabla hujafanya lolote. Weka CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma afya ya diski. Rangi ya bluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Usiishie kwenye rangi. Geuza namba zisomeke kwa desimali, kisha tazama mistari minne. 05 ni sekta (vipande vidogo vya diski) zilizokwishahamishwa kwa sababu ziliharibika. C5 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanye nini. C6 ni zile zilizoshindikana kabisa. C7 ni makosa yaliyotokea njiani, kati ya diski na mazabodi.

C5 ndiyo inayochelewesha kuwaka. Diski ikikutana na sekta kama hiyo hairuki, inarudia kusoma tena na tena kwa sekunde kadhaa, na Windows yote inasubiri. Weka sikio kwenye boksi: unasikia tk, tk, tk, kimya, tk, tk, huku vidoti vimeganda. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ukurasa wa System, utakuta tukio namba 7 au 153 kutoka kwa diski, saa ile ile uliyowasha. C5 ikiwa juu ya sifuri, nakili kazi za mtu leo, siyo Jumatatu. Na usikimbilie chkdsk yenye /r, amri ya Windows ya kukagua diski. Ile inapita diski nzima sekta kwa sekta, inaweza kula saa nyingi, na diski iliyo mahututi inaweza kufia humo na mafaili ya shule nzima.

C7 ni habari njema iliyovaa sura mbaya. Diski ni nzima, kilichochoka ni waya wa SATA au umelegea. Badilisha waya, andika namba ya C7 ilipo sasa, urudi baada ya wiki. Namba hiyo haishuki kamwe, kwa hiyo unachotaka ni isiongezeke tu.

Umeme ukikatika mashine ikiwa kazini, diski inakuwa haikufungwa vizuri, na asubuhi Windows inaweza kuikagua kabla ya kuendelea. Siku moja si neno. Ikijirudia kila wiki, faili za mfumo zinaanza kuharibika kweli, na hapo UPS ndogo inafanya kazi kuliko fundi yeyote. Ukitaka historia, kwenye Event Viewer fungua Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance, Operational. Tukio namba 100 linaandika muda wa kuwaka kwa milisekunde, na namba 101 hutaja programu iliyochelewesha. Ukiona BootTime 60000 mwezi wa tatu na 210000 mwezi wa saba, una ushahidi wa kumwonyesha mwenye mashine.

Kuhusu vumbi, niseme wazi: halichelewishi kuwaka kama watu wanavyodhani. Linaongeza joto, prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza mwendo, na kipande cha tatu kinarefuka. Kule mji wa Moshi, ulio chini na wenye joto kuliko Arusha, hali hii huonekana zaidi Januari na Februari. Fungua feni ya prosesa utazame nyuma yake: kati ya feni na mapezi ya alumini kuna blanketi la kahawia lililoshikana kama sufi, unaweza kuliinua lote kwa kidole. Zuia feni isizunguke unapopuliza. Na usiipeleke kwa fundi pancha. Kompresa yake inatoa upepo pamoja na maji. Pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa, ikiwa imekauka, ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje mbili za mchele.

Ikiwa diski ni nzima ila ni ya kuzunguka, weka SSD, diski ya chipu. Hakuna kitu kingine kwenye mashine hizi kinacholipa hivyo, hata RAM inakuja ya pili. Ya SATA, inchi 2.5, gigabaiti 240 inatosha steshenari au duka la dawa. SSD inafikia faili ndogo kwa sehemu ya milisekunde, kwa hiyo hata kwenye mazabodi ya zamani yenye SATA ya kizazi cha pili utaona tofauti hiyo hiyo. Haina kinachozunguka, hivyo ukikosa kibebeo chake gundi ya pande mbili inatosha. Bandia zipo sokoni; kabla ya kuweka chochote ijaze kwa H2testw, programu inayoandika hadi mwisho kisha inasoma ilichoandika. Iliyoandikwa 480 na ndani ina 60 itaumbuka hapo.

Kuhamisha mfumo natumia Clonezilla, nayo ni bure, lakini haitoi diski kubwa kwenda ndogo kirahisi. Lazima kwanza upunguze sehemu ya C kwa Disk Management hadi itoshee kwenye 240. Diski yenye C5 usiihamishe kwa mpangilio wa kawaida, itakwama katikati. Kuna chaguo la rescue linaloruka sekta mbovu. Hata hivyo kwa diski ya namna hiyo mimi nanakili mafaili tu na kupiga Windows kwenye SSD. Ndiyo, hapo kupiga Windows kuna maana. Kumbuka tu kwamba Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zenye prosesa za Intel za kizazi cha 4 hadi cha 6 hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, kwa hiyo mweleze mwenye mashine mapema anachonunua.

Ukimaliza kuhamisha, chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Ukiziacha zote mbili, mashine inaweza kuwakia kwenye ile ya zamani na ukadhani SSD haina kazi. Ikishawaka kwenye SSD, zima Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme, ile inayohifadhi kiini cha mfumo ukizima. Kwenye diski ya kuzunguka ilikuwa inasaidia, kwenye SSD inaokoa sekunde chache tu na inakunyima kuanza upya kwa kweli kila asubuhi. Kisha shika simu upime vile vipande vitatu tena, uandike namba kwenye karatasi ile ile chini ya zile za mwanzo, na uibandike ndani ya mfuniko wa boksi. Atakayelifungua mwakani ataanzia hapo.