Je, wajua kwa nini ruta ya pili huvuruga intaneti ya nyumba nzima?

Ruta ya faiba iko sebuleni na waifai haifiki chumba cha nyuma. Unatoa ruta ya zamani kabatini, unaivutia waya kutoka ile ya sebuleni, unaiwasha. Baada ya muda simu za nyumba nzima zinaonyesha waifai imejaa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Waya ni mzima na ruta zote mbili ni nzima. Shida ni namba.

Kila ruta hutoka kiwandani ikiwa na anwani yake ya ndani. Tangu miaka ya 1990 kuna mafungu matatu ya anwani za IP (namba zinazotambulisha vifaa kwenye mtandao) yaliyotengwa kwa mitandao ya ndani, na ruta za nyumbani kwa kawaida hutumia lile linaloanza na 192.168. Kwa hiyo nyingi hujikuta na 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Simu inapouliza "nani 192.168.1.1?" na ruta mbili zikajibu, data inaweza kupelekwa kwa ile isiyo na njia ya kutoka nje.

Hata zikiwa na anwani tofauti, bado zitagongana kwenye DHCP, yaani huduma inayogawia vifaa anwani na kuviambia mlango wa kutokea ni upi. Ruta zote mbili zinagawa, na kwa kawaida simu huchukua jibu linalowahi. Ndiyo maana simu moja inapata intaneti na ya pembeni yake haipati.

Dawa ni kuiachia ruta kuu kazi hiyo peke yake. Tuseme ruta kuu ni 192.168.1.1. Ingia kwanza humo kwa kuandika anwani hiyo kwenye kivinjari, nenda ukurasa wa LAN (mtandao wa ndani), uone DHCP inagawa kuanzia namba gani. Nyingine huanzia 2, yaani 192.168.1.2. Weka 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199: vifaa 100 vinatosha nyumba yoyote, na namba za chini zinabaki huru. Usiruke hatua hii. Ukiipa ruta ya pili namba 2 wakati televisheni nayo imegawiwa 2, mtandao utakuwa unakatika na kurudi, na utahangaika kujua chanzo.

Sasa ruta ya pili. Iache bila kuiunga na ile kuu. Chomeka kompyuta kwenye tundu lake la LAN, zima waifai ya kompyuta, fungua kivinjari uandike anwani iliyo kwenye kibandiko cha chini ya ruta. Badilisha anwani yake ya LAN iwe 192.168.1.2, na subnet mask iwe 255.255.255.0, maana yake sehemu tatu za mwanzo lazima zifanane na za ruta kuu. Hifadhi. Ukurasa utaganda, na hapa wengi hudhani wameharibu. Ruta imehama tu. Chomoa waya, uchomeke tena ili kompyuta ipate anwani mpya, kisha ingia kwa 192.168.1.2. Weka jina la waifai na nenosiri, halafu mwisho kabisa zima DHCP. Ukianza kwa kuizima, kompyuta inaweza kujipa anwani ya 169.254 na usiweze kuingia tena mpaka uiandikie anwani kwa mkono.

Waya wa kuunganisha utoke LAN ya ruta kuu uingie LAN ya ruta ya pili. Tundu la WAN (la kuingizia intaneti kutoka nje), ambalo mara nyingi lina rangi yake peke yake, liache wazi. Ukitumia WAN, ruta ya pili inatengeneza mtandao wake nyuma ya ule wa kwanza: intaneti inaweza kufanya kazi, lakini simu iliyo sebuleni haitaiona printa ya chumba cha nyuma.

Printa yenyewe ni vizuri kuitengea anwani ya kudumu kwenye DHCP ya ruta kuu, kwa kutumia anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ambayo kifaa hupewa kiwandani. Kwa simu angalia kwanza: kuanzia Android 10 na iOS 14, kwa kawaida simu hutumia MAC ya kubuni kwenye waifai, hivyo soma ile inayoonekana kwenye orodha ya ruta, si iliyoandikwa kwenye boksi.

Ukikwama kabisa, bonyeza kitufe cha reset kwa pini sekunde 10 hivi, taa ziwakewake. Fanya hivyo kwa ruta ya pili tu. Ile ya faiba inaweza kupoteza mipangilio ya kampuni, na hapo itabidi uwapigie wao.