Friji ya karavani haijazwi gesi, naomba tuelewane

Wiki hii nimepigiwa simu tatu na zote zimeanza vilevile: "Fundi, nina friji ya kwenye karavani ya zamani, haigandishi, gesi imeisha, unajaza kwa shilingi ngapi?" Mmoja yuko Njiro, mwingine mama wa Usa River, wa tatu kaka mmoja wa Moshi anataka nije na mtungi kabisa. Jamani. Nimelijibu hili miaka na miaka, leo naliandika lote mara moja.

Friji za haya matela ya kulala ya zamani nyingi hazina kompresa wala mota. Ndani ya yale mabomba meusi ya nyuma kuna amonia, maji na haidrojeni, vimefungiwa humo kiwandani, bomba limechomelewa moja kwa moja, na sehemu ya kujazia kama ya friji ya nyumbani hamna, usiitafute. Kazi yote inafanywa na joto. Unachemsha pale chini kwenye boila, amonia inatoka kwenye maji inapanda, ikifika juu inapoa inakuwa kimiminika, inashuka kwenye friza inakutana na haidrojeni inageuka mvuke, hapo ndo inabeba joto la ndani, halafu inarudi chini kunywewa na maji na safari inaanza upya. Waswidi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliibuni mwaka 1922 wakiwa bado wanafunzi, na mpaka leo mpango ni uleule. Ile gesi ya mtungi inawaka chini kama kuni chini ya sufuria, haiingii kwenye mabomba hata kidogo. Watu wamesikia "friji ya gesi" wakaunganisha na "friji imeisha gesi" ya fundi wa mtaani, na hapo ndo balaa linapoanzia.

Na nasema balaa kweli. Mle ndani kuna mgandamizo wa zaidi ya bar 20, tairi la gari dogo ni kama bar 2 hivi, linganisha mwenyewe. Amonia ikikurukia usoni inaunguza macho na mapafu, haidrojeni inalipuka ikikutana na cheche, halafu mtu anakuja na msumeno na mtungi wa kuchomelea anataka "kuweka valvu". Kwa yule mama wa Usa River nilipovuta friji nje nikakuta alama ya msumeno kwenye bomba, rangi imekwanguka, chuma kinang'aa, mkato mwembamba kama wa ukucha. Kulikuwa na fundi kabla yangu, akaishia hapo kwa sababu umeme ulikatika. Nilikaa chini kwanza kabla ya kuendelea, maana wajukuu wake wanachezea humo humo kwenye karavani.

Na unajua tatizo lilikuwa nini? Alibandika selotepu kwenye matundu ya hewa ya nje ili vumbi lisiingie, na nyigu wa udongo wakajenga kwenye bomba la bana, yaani kichomeo cha gesi. Kinyumba kimoja cha udongo, ukubwa wa kidole gumba. Basi. Nilitoa selotepu, nikasafisha kwa brashi laini, nikasafisha na masizi kwenye bomba la moshi, nikaipima ikae sawa, nikaichomeka kwenye umeme saa mbili asubuhi, jioni friza ina barafu.

Kwa hiyo kabla hujamuita mtu yeyote, fanya hivi. Nusa kwanza. Amonia ikivuja utajua, ni harufu kali kama mkojo uliolala, na ukikuta unga au doa la njano kwenye mabomba ya nyuma ujue kilichokuwa ndani kimetoka, ule unga ni chumvi ya kromati, dawa ya kuzuia kutu iliyochanganywa na yale maji ya ndani, na ni sumu, usiushike kwa mkono mtupu. Fungua milango, toka nje, friji hiyo inahitaji mabomba mapya yote, hairekebishwi. Kama hamna harufu wala njano, weka pimamaji ndani ya friza, tela likae sawa kila upande. Halafu jaribu kwa umeme wa ukutani kabla ya gesi, ila pima kwanza hita kwa mita, ya wati 125 kwenye volti 230 itakuonyesha kama omu 420, na hakikisha haigusani na bodi, waya za zamani zinapasuka na kukupiga shoti. Isubiri masaa 12. Ikigandisha kwa umeme na ikagoma kwa gesi, mabomba ni mazima, shida iko kwenye moto. Boila ikiwa ya moto sana na friza haipoi hata baada ya masaa yote hayo, hapo ndo mzunguko umekufa.

Karavani ikiwa imetoka Marekani angalia kwanza, hita zao ni za volti 120, ukichomeka kwenye umeme wetu inakula nguvu karibu mara nne na inaungua.

"Haiungurumi, imekufa." Haitakiwi kuunguruma.

"Nimeiwasha lisaa limoja haijapoa." Subiri mpaka kesho.

"Ipindue kichwa chini itaamka." Kuna wakati inasaidia kweli kwa friji iliyokaa miaka, lakini chumvi ikishaganda kwenye bomba la boila hata uipindue mara mia haiamki. Na ukishaisimamisha iache siku nzima kabla ya kuwasha. Chumvi inaganda sana kwa sababu mtu amepaki kwenye mteremko akaiwasha siku tatu, ukiwa unatembea barabarani mtikisiko unasaidia, kupaki vibaya ndo kunaua.

"Tutumie betri tukiwa kambini." Wati 120 kwenye volti 12 ni ampea 10, betri haifiki asubuhi. Hiyo ni ya wakati injini inawaka.

Kuzibua jeti, kile kitundu kidogo cha kutolea gesi, kwa waya acheni kabisa. Kitundu kikipanuka moto unakuwa wa njano, masizi yanajaa. Loweka kwenye spiriti, puliza. Moto unatakiwa uwe wa bluu, na kule juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kama mita 2,300, hewa ni nyepesi kwa hiyo uangalie mara mbili.

Halafu kule kuna baridi, watu wanaziba matundu yote walale na friji inawaka. Msifanye hivyo. Moto ukikosa hewa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, unalala huamki. Na yale matundu ya sakafuni msizibe kwa ajili ya panya, wekeni wavu, gesi ya mtungi ikivuja inatuama chini na pale ndo inapotokea. Mpira wa gesi wa zamani badilisha bila kuuliza, kisha paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, kusiwe na kiputo hata kimoja.

Kaka wa Moshi, nakuja Jumamosi na mtungi siuleti. Tafuta sehemu tambarare, andaa ekstensheni yenye ethi (waya wa ardhini), toa selotepu kama uliweka, na usimruhusu mtu aguse yale mabomba mpaka nifike.